Naismith: Mwalimu aliyepoteza mechi akazaa mabingwa

Lugha huhifadhi mambo ambayo watumiaji wake wamekwisha kuyasahau. Tunapozungumza juu ya mpira wa vikapu, au mpira wa kikapu kama wasemavyo jirani zetu wa Tanzania, ni nadra mtu kuuliza kikapu chenyewe kiko wapi. Uwanjani tunaona pete ya chuma, wavu uliotoboka chini na ubao nyuma yake. Kikapu hakipo. Hata hivyo, jina halikukosea. Mnamo Desemba 1891 mchezo huo ulichezwa kwa vikapu hasa, vile vya kuchumia matunda ya mfyulisi ambayo sokoni tumezoea kuyaita pichi. Aliyeagiza vitundikwe alikuwa mwalimu kijana aliyepewa majuma mawili kulituliza darasa lililokuwa limewashinda walimu wenzake wawili.

Mwalimu huyo aliitwa James Naismith. Vijana wetu wanaovaa fulana zenye majina ya nyota wa Marekani aghalabu hawalijui jina lake, na hilo si ajabu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kulitangaza. Nimeona vyema kuyasimulia maisha yake katika ukurasa huu kwa sababu yanagusa swali ambalo kila mwalimu wa nchi hii hulikabili matokeo ya mitihani yanapotangazwa: mwalimu apimwe kwa mizani gani? Timu ya wanaume ya mpira wa vikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas ni mojawapo ya timu zenye sifa kubwa kabisa katika vyuo vya Marekani. Miongoni mwa wakufunzi wote waliowahi kuiongoza timu hiyo, ni mmoja tu aliyepoteza mechi nyingi kuliko alizoshinda. Mtu huyo ni Naismith, aliyeubuni mchezo wenyewe.

Alizaliwa tarehe 6 Novemba 1861 karibu na mji mdogo wa Almonte, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, katika familia yenye asili ya Uskoti. Mnamo mwaka wa 1870 homa ya matumbo iliwaua baba yake na mama yake katika msimu mmoja, akabaki yatima pamoja na ndugu zake. Walilelewa na nyanya yao, kisha wakawa chini ya uangalizi wa mjomba wao, Peter Young, mtu aliyeamini kwamba kijana hufunzwa na kazi. Huko mashambani na misituni Naismith alijifunza kuendesha farasi, kutumia shoka na kutafuta njia ya kujitoa katika matatizo aliyojiingiza mwenyewe. Shule ya upili ilimchosha, akaiacha kabla ya kuimaliza na kwenda kukata magogo kwa miaka kadhaa. Baadaye alirudi darasani akiwa na kimo na sauti ya mtu mzima, akaketi na watoto waliokuwa wadogo wake kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa namna hiyo, aliyekatiza masomo kwa ajili ya dhiki kisha akarejea, si mgeni kwa walimu wetu. Wanajua moyo anaohitaji ili avumilie macho ya wenzake.

Kuna mchezo mmoja wa utoto wake ambao lazima tuutaje mapema, kwani utarudi baadaye katika habari hii. Watoto wa kijijini kwake waliweka jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, mmoja wao akasimama kulilinda, na wengine wakajaribu kulidondosha kwa kurusha mawe yao. Aliyerusha kwa nguvu zake zote na kulikosa aliliona jiwe lake likienda mbali, akalazimika kulikimbilia huku mlinzi akimfukuza. Aliyerusha polepole, kwa mviringo wa upinde, aliweza kuliangusha lile jiwe dogo na jiwe lake likabaki karibu. Watoto wale waligundua kwa kucheza tu kwamba shabaha huweza kuishinda nguvu.

Mwaka wa 1883 Naismith alijiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, na baada ya shahada yake akaendelea na masomo ya theolojia katika chuo cha Wapresibiteri mjini humo, akahitimu mwaka wa 1890. Nia yake ilikuwa kuwa mhubiri. Lakini alipokuwa McGill alikuwa pia mwanamichezo hodari, akafundisha mazoezi ya viungo, na jambo hilo liliwatia mashaka baadhi ya watu wa karibu naye, kwa kuwa zama hizo waumini wengi waliihesabu michezo kuwa njia ya upotevu. Yeye aliona vingine. Aliona kwamba kijana asiyeweza kukaa kimya katika ibada huweza kujifunza uaminifu, subira na kujizuia akiwa uwanjani, na akaamua kwamba hiyo itakuwa madhabahu yake. Akaondoka Kanada na kwenda Springfield, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwenye chuo cha chama cha vijana wa Kikristo, YMCA, kilichowaandaa walimu wa mazoezi ya viungo.

Mkuu wa idara yake hapo alikuwa Luther Gulick. Wakati wa kiangazi na vuli vijana walicheza nje, lakini baridi kali ilipoanza hawakuwa na la kufanya ila mazoezi ya kupiga hatua na kunyosha viungo ndani ya ukumbi. Darasa moja la wanafunzi 18, watu wazima waliozoea michezo ya nguvu, liliyachukia mazoezi hayo hata likawa halishikiki. Walimu wawili walijaribu wakanyosha mikono. Gulick akamkabidhi Naismith darasa hilo, na akampa majuma mawili abuni mchezo wa ndani utakaowavutia bila ya kuwavunja mifupa.

Kwanza alijaribu kuileta ndani michezo ya nje. Futiboli ya Kimarekani iliwaumiza wachezaji kwenye sakafu ya mbao, kandanda ikahatarisha madirisha, na lakrosi ikawa vurugu za fimbo. Siku zilipokuwa zinakaribia kwisha aliacha kunakili, akaanza kuchambua. Alijiuliza kwa nini wachezaji wa futiboli huangushana, na jibu alilolipata ni kwamba huangushana kwa sababu mwenye mpira hukimbia nao, na asipoangushwa hazuiliki. Basi mwenye mpira akikatazwa kukimbia nao, hakutakuwa na haja ya kumwangusha. Atalazimika kumrushia mwenzake, na hivyo ushirikiano utakuwa sharti la mchezo wenyewe. Halafu akajiuliza juu ya lango. Lango likisimama wima mbele ya mchezaji, atavurumisha mpira kwa nguvu zake zote na kuwaumiza wengine. Lakini likilazwa juu ya vichwa vya watu, mdomo wake ukitazama dari, nguvu haitamfaa kitu. Itambidi aurushe mpira kwa mviringo wa upinde, kama watoto wa Almonte walivyofanya na mawe yao.

Kutokana na mawazo hayo aliandika sheria 13. Alimwomba mtunza jengo masanduku mawili. Yule bwana hakuwa nayo, akamletea vikapu viwili vya matunda, navyo vikapigiliwa misumari kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi, kila upande kimoja. Roshani hiyo ilikuwa na kimo cha futi 10, na hadi leo pete hukaa katika kimo hicho hicho duniani kote. Mpira ulikuwa ule wa kandanda. Wanafunzi waligawanywa wachezaji tisa kwa tisa kwa sababu tu darasa lilikuwa na watu 18. Mchezo wa kwanza ulichezwa tarehe 21 Desemba 1891, na likapatikana bao moja pekee. Kwa kuwa vikapu vilikuwa na matako, kila mpira ulipotumbukia ilibidi mtu apande kuutoa.

Darasa lililokuwa limeshindikana sasa likawa halitaki kuondoka ukumbini. Wanafunzi walipokwenda likizo ya Krismasi waliupeleka mchezo makwao, na mwezi wa Januari 1892 sheria zilichapishwa katika jarida la chuo, zikasambaa kwa njia ya matawi ya YMCA hadi nchi za mbali. Mwanafunzi mmoja, Frank Mahan, alipendekeza mchezo uitwe kwa jina la mwalimu wao. Naismith alicheka akalikataa pendekezo hilo, na Mahan akasema basi uitwe kwa vikapu vyake. Hivyo ndivyo kikapu kilivyoingia katika jina, na kutoka huko kikatafsiriwa hadi kwetu. Lau mwalimu huyo angekuwa mpenda sifa, leo tungekuwa tukiutaja kila mara tunapouita mchezo. Aidha hakutafuta hati ya kuumiliki uvumbuzi wake, na hakuupatia utajiri.

Mwaka wa 1894 alimwoa Maude Sherman, ambaye alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuucheza mchezo huo, nao wakajaliwa watoto watano. Mwaka uliofuata walihamia Denver, ambako Naismith alifanya kazi katika YMCA huku akisomea udaktari wa tiba, akahitimu mwaka wa 1898. Mwaka huo huo aliitwa na Chuo Kikuu cha Kansas, katika mji wa Lawrence, kuongoza ibada za wanafunzi na kufundisha elimu ya viungo. Msomaji atambue kwamba hakuajiriwa ili aunde timu ya kushinda makombe. Timu ilizaliwa pembeni mwa kazi yake. Mechi yake ya kwanza dhidi ya wageni ilichezwa tarehe 3 Februari 1899, na Kansas ikashindwa na YMCA ya Kansas City kwa 16 kwa 5.

Aliiongoza timu hiyo hadi mwaka wa 1907, ikashinda mechi 55 na kupoteza 60. Takwimu hizo zimewafanya wengi watabasamu, lakini zinaeleweka tukikumbuka namna alivyoifanya kazi yenyewe. Mara nyingi hakuketi na wachezaji wake kuwapangia mbinu. Yeye ndiye aliyeshika kipenga akawa mwamuzi wa mechi ambayo timu yake ilikuwa ikicheza, na hapana anayemshuku kuwa aliipendelea. Kwake mchezo ulikuwa kifaa cha kulea mwili na tabia. Alipima vimo, vifua na misuli ya wanafunzi wa chuo, akafuatilia jinsi afya zao zilivyobadilika, akawafundisha kupigana kwa vitara na kushindana mieleka. Matokeo yaliyoandikwa ubaoni aliyachukulia kama tukio dogo la alasiri moja.

Katika timu yake palikuwa na kijana aliyeitwa Forrest Allen, ambaye watu walimpa lakabu ya Phog. Inasimuliwa kwamba Allen alipoalikwa na chuo kingine jirani awe mkufunzi, Naismith alishangaa, akamwambia kwamba mpira wa vikapu hauna ukufunzi, ni mchezo wa kuchezwa tu. Allen hakukubali. Aliamini kwamba mchezo unaweza kuchambuliwa, kufundishwa na kufanyiwa mazoezi kama somo lolote, akalithibitisha hilo kwa maisha yake yote. Alimrithi mwalimu wake mwaka wa 1907, akaondoka baada ya misimu miwili, kisha akarudi mwaka wa 1919 na kukaa hadi 1956 alipostaafu kwa sababu ya umri. Katika vipindi hivyo viwili aliishindia Kansas mechi 590.

Hapa pana jambo la kutafakari. Kwa habari ya ukufunzi, mwanafunzi alikuwa na haki na mwalimu alikosea. Lakini watu hao wawili walifanya kazi katika chuo kimoja kwa miongo miwili, mwanafunzi akiwa maarufu kuliko mwalimu wake, na Allen alibaki kuwa mtu aliyemtukuza Naismith kuliko yeyote. Mwalimu dhaifu humwogopa mwanafunzi anayempinga. Naismith alimwachia wake nafasi ya kumpita.

Naye hakuwa mtu wa kukaa kivulini. Mwaka wa 1916, akiwa amekwisha kutimiza miaka 54, alikwenda na wanajeshi wa Kansas kwenye mpaka wa Meksiko kama kasisi wao, na mwaka uliofuata, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, YMCA ilimpeleka Ufaransa kuwahudumia askari. Alikaa huko miezi 19. Alikuwa raia wa Marekani kisheria mwaka wa 1925, baada ya kuitumikia nchi hiyo kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa tufike kwenye sura ya maisha yake ambayo kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Mwaka wa 1933 alifika Lawrence kijana mweusi aliyeitwa John McLendon, mzaliwa wa jimbo hilo hilo la Kansas, akitaka kusomea elimu ya viungo. Hakuna mwanafunzi mweusi aliyewahi kusomea fani hiyo hapo kabla yake. Baba yake alikuwa amemwagiza amtafute Naismith na kumwomba awe mshauri wake, naye Naismith akampokea. Chuo kilimruhusu McLendon kuketi darasani, lakini timu ya mpira wa vikapu ilikuwa ya wazungu peke yao. Hata bwawa la kuogelea lilikuwa limefungwa kwa weusi, ilhali kuogelea kulihitajiwa katika masomo yake. Kijana huyo alikataa kusamehewa somo hilo kwa sababu ya rangi yake, akaingia majini, na Naismith akasimama upande wake. Baadaye ndiye aliyemsaidia kupata nafasi ya kufundisha timu ya shule ya upili mjini humo na msaada wa kuendelea na shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa.

Hatuna budi kuwa wakweli. Naismith alimfungulia mlango kijana mmoja, lakini mlango wa timu ulibaki umefungwa muda wote wa uhai wake, katika chuo alichokitumikia kwa takriban miaka 40. Aliyebuni sheria 13 za kuwazuia wachezaji wasisukumane alifanya kazi chini ya sheria isiyoandikwa, iliyowasukuma watu nje hata kabla ya kipenga kupulizwa. Ni mwaka wa 1952 ambapo Kansas ilitwaa ubingwa wa taifa ikiwa na mchezaji mweusi katika kikosi chake, LaVannes Squires. Wema wa mwalimu mmoja ni jambo la kushukuriwa, lakini hauwezi kuchukua nafasi ya haki ya taasisi.

Na bado wema huo haukupotea. McLendon hakuruhusiwa kuichezea Kansas, lakini alikaa miguuni pa mwasisi wa mchezo akajifunza asili yake. Alikwenda Durham, North Carolina, kufundisha katika chuo cha weusi. Tarehe 12 Machi 1944, Jumapili asubuhi, wakati sheria za ubaguzi ziliharamisha jambo kama hilo, timu yake ilicheza kwa siri, milango ikiwa imefungwa, dhidi ya timu ya wanafunzi wazungu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Duke. Vijana wa McLendon walishinda kwa 88 kwa 44. Miaka ya baadaye alihamia chuo cha Tennessee A&I mjini Nashville, akatwaa ubingwa wa kitaifa wa chama cha NAIA mara tatu mfululizo, mwaka wa 1957, 1958 na 1959. Mwaka wa 1966 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuwa mkufunzi mkuu katika chuo kikuu chenye wanafunzi wengi wazungu, Cleveland State. Alifariki mwaka wa 1999. Huyu naye ni tunda la mwalimu aliyepoteza mechi 60.

Mwaka wa 1936 mpira wa vikapu uliingizwa rasmi katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Berlin, jambo ambalo Allen alikuwa amelipigania sana. Naismith hakuwa na uwezo wa kujilipia safari, kwa hiyo wakufunzi na mashabiki wa vyuo na shule walichanga senti zao ili mzee akaone kazi ya mikono yake. Alizikuta huko timu za mataifa zaidi ya 20, Misri ikiwa mojawapo. Fainali ilichezwa nje, kwenye uwanja wa udongo uliogeuzwa tope na mvua, hata ikawa vigumu kuudunda mpira. Marekani iliishinda Kanada kwa 19 kwa 8. Nchi aliyozaliwa na nchi iliyomlea zilikutana mbele ya macho yake, naye akazikabidhi zote mbili medali. Mwaka uliofuata alistaafu, na mkewe Maude akafariki. Alioa tena mwaka wa 1939, na tarehe 28 Novemba mwaka huo huo akaaga dunia mjini Lawrence, akiwa na umri wa miaka 78.

Baada ya kifo chake mti aliouotesha uliendelea kutoa matawi. Kansas ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka wa 1952 chini ya Allen, halafu mwaka wa 1988, 2008 na 2022. Katika miaka ya 1920 Allen alikuwa amemfundisha kijana aliyeitwa Adolph Rupp, ambaye alikwenda Kentucky akashinda mechi 876. Katika kikosi cha mwaka wa 1952 alikuwamo mchezaji wa akiba aliyeitwa Dean Smith, ambaye alikwenda North Carolina, akaivunja rekodi ya Rupp na kustaafu mwaka wa 1997 akiwa na ushindi wa mechi 879. Smith ndiye aliyemfundisha Michael Jordan, wakatwaa ubingwa mwaka wa 1982. Mchezaji mwingine wa Smith, Larry Brown, ndiye aliyerudi Kansas kuiletea taji la 1988. Wanafunzi wanaoiga mitupo ya Jordan katika viwanja vya shule zetu wajue kwamba wameshika ncha ya silsila ndefu: Jordan kwa Smith, Smith kwa Allen, na Allen kwa yatima wa Almonte.

Silsila hiyo haikuwa safi pote. Timu za Rupp zilikuwa za wazungu watupu kwa miongo mingi, na katika fainali ya mwaka wa 1966 zilishindwa na Texas Western, iliyoanza na wachezaji watano weusi. Smith kwa upande wake alikuwa mstari wa mbele kuwaingiza wanafunzi weusi katika timu yake. Mwalimu hupanda mbegu, lakini kila tawi huchagua upande wa kuinamia.

Mwaka wa 2010 karatasi mbili zenye sheria 13 ziliuzwa kwa mnada mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 4.3. Mnunuzi, David Booth, alikuwa amesoma Kansas, naye akaona kwamba pahali pao ni Lawrence. Ziko huko sasa, karibu na ukumbi wa michezo wenye jina la Allen. Karatasi ambazo mwandishi wake hakudai hata senti moja kwazo zimekuwa miongoni mwa hati za michezo zenye bei kubwa kuliko zote. Dunia huchelewa kulipa, na mara nyingi humlipa asiyestahili.

Turudi nyumbani. Katika shule zetu nyingi kipindi cha michezo kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini kikifika, mwalimu wa hisabati au wa sayansi hukiingilia kumalizia silabasi. Kwa miaka mingi ya mfumo wa 8-4-4 tuliliona jambo hilo kuwa la kawaida, kwa hoja kwamba elimu ya viungo haitahiniwi. Mfumo wa umilisi ulioshika nafasi yake umeipa michezo heshima kubwa zaidi katika maandishi. Hofu yangu ni kwamba tutaipokea heshima hiyo kwa tabia zetu za zamani. Shule ikiamua kuthamini michezo, aghalabu huthamini kombe peke yake. Huwatafuta wachezaji warefu kutoka kila pembe, ikawasamehe masomo, na msimu ukiisha ikawasahau. Wanafunzi wengine mia tano husimama pembeni kushangilia. Ama hakuna michezo kabisa, ama michezo imekuwa ya watu kumi na wawili.

Njia zote mbili zingemhuzunisha Naismith. Mchezo wake ulibuniwa kwa ajili ya darasa zima, na kwa ajili ya darasa lililodaiwa kuwa halifundishiki. Hakuchagua wachezaji bora 10 akawafukuza wanane. Aliwachukua wote 18 kama walivyokuwa, akatafuta kosa katika somo badala ya kulitafuta katika wanafunzi, akalitengeneza somo upya hadi likawafaa. Walimu wenzangu wanaolalamikia darasa fulani lisilosikia la mwadhini wala la mteka maji maskini wangefaidika kuyatafakari majuma yale mawili ya Desemba 1891.

Sisemi kwamba ushindi hauna maana. Allen alituonyesha kwamba bidii na mbinu huzaa matokeo, na mwanafunzi anayejituma ana haki ya kutamani kombe. Ninachosema ni kwamba tukimpima mwalimu kwa alama za muhula mmoja tu, tungemfuta kazi James Naismith baada ya msimu wa pili, na pamoja naye wangeondoka Allen, Smith na McLendon kabla hatujawajua. Wizara, bodi za shule na wazazi wanaopanga walimu kwa orodha ya wastani wa mitihani wasubiri kidogo kabla ya kupitisha hukumu. Wawaulize pia waliotoka mikononi mwa mwalimu huyo wako wapi miaka 20 baadaye, wanafanya nini, na wanawatendeaje wengine.

Walimu wakuu nao wana jambo moja la kufanya, tena halihitaji fedha wala waraka kutoka Nairobi. Kipindi cha michezo kikifika, wakiache kiwe cha michezo, na darasa lote litoke nje.